Hapikwi

Juzi, kwa veterineri, daktari wa wanyama wa mtaa wa Majengo, nilisimama kwenye foleni na sungura ndani ya kitenge, mabomu yakisikika mbali, roho yangu juujuu. Binti yangu alimtoa kijijini Kalengera akimficha kifuani tulipokimbia vita, na tangu jicho la sungura lianze kuchuruzika machozi, mtoto hali mpaka sungura ale kwanza.

"Mama, hiyo ni mboga," papa mmoja, mzee aliyesimama nyuma yangu, alisema. "Umutie tu chumvi."

"Hapikwi," nikamjibu. "Hata vita ikiingia hapa, hapikwi."

Veterineri aliniuliza nimemtia nini jichoni. Nikasema maziwa yangu ya kunyonyesha, kama tunavyowatia watoto wachanga macho yakishikana. Foleni ikacheka. Yeye hakucheka.

"Maziwa inaganda, mama. Njia ya machozi yenye kushuka puani imeziba. Nitaisafisha na maji ya chumvi. Maji ikitokea puani, imefunguka. Nani atamushika?"

Nikamshika, akanichoropoka. Yule papa akapita mbele bila kuitwa, akamshika taratibu, kama anamleta mtoto kubatizwa. Bomu likalia tena, hakuna aliyegeuka. Veterineri akatia maji jichoni, sote tukaikodolea macho pua ile mpaka tone likatoka.

"Kesho tutarudilia," veterineri akasema.

Papa akajipangusa manyoya. "Saa ngapi, mama? Weye haujue kushika."

Nilimwambia saa tatu. Nyumbani kwangu sikumwelekeza, maana mtu anayejua kushika sungura vizuri namna ile amekwisha kupika wengi.