Somo la Moyo

Mkaguzi wa Kizungu alitarajiwa kutoka Makambako aje Njombe kuikagua sekondari yetu ya misheni: uongozi, ufundishaji, na kama sisi wanafunzi tulikuwa na akili au tulikula ugali wa bure tu. Barabara ilikuwa tope tupu, akachelewa wiki nzima. Wiki yote hiyo, kwa amri ya mkuu wa shule, mwalimu wetu wa baiolojia alitufundisha somo lilelile la moyo hadi tukaliota.

Hatimaye mkaguzi akaingia darasani na buti zake za matope, akaketi nyuma. Mwalimu hajamaliza hata kufuta ubao, rafiki yangu niliyekaa naye akasimama wima.

"Vyumba vinne, mwalimu!"

"Mbona hujaulizwa swali?" mkaguzi akashangaa.

"Linakuja, bwana."

Mkuu wa shule, aliyekuwa mlangoni, akafumba macho kama anayesali. Mkaguzi alicheka hadi miwani ikamtoka, kisha akamtaka mwalimu afundishe jambo ambalo hatujawahi kulisikia. Maskini mwalimu, jasho likimtoka katika baridi ile ya Njombe, akachukua kiazi kilichokuwa kinachipua dirishani, akatueleza kinavyoota. Tulimuuliza maswali mpaka kengele ikalia.

Jioni mkuu alimwita rafiki yangu ofisini. Sisi tukatega masikio nje, tukingoja fimbo. Tukamsikia mkuu akisema, "Hebu rudia, ulimjibuje yule Mzungu?" Kisha wote wawili wakaangua kicheko.

Fimbo alikula kesho yake, kwa kosa jingine kabisa.