Kiti Kilichogeuzwa Kutazama Barabara

Kinyozi yule walimwita Redio, naye akalipokea jina hilo kama sifa. Mteja akishakaa kitini hana pa kukimbilia: kitambaa shingoni, wembe karibu na sikio, na Redio anamweleza namna ya kulea watoto, kutibu mgongo na kuendesha nchi. Ukijaribu kutia neno, anakugeuza kichwa upande wa pili, taratibu, utadhani ni sehemu ya kunyoa.

Aliyeteseka zaidi ni shemeji yake seremala, kaka wa mkewe. Miaka nenda miaka rudi alikuwa na wazo lake kuhusu ile saluni, na kila akifungua mdomo Redio alimmalizia sentensi, tena vibaya.

Kisha sauti ikakata. Daktari alimchungulia koo, akamwamuru afunge mdomo mwezi mzima. Hata kunong'ona marufuku. Mkewe aliipokea habari hiyo kwa huzuni ya kadiri.

Shemeji akaja kunyolewa. Alianza kwa tahadhari, akingoja kukatizwa. Hakukatizwa. Akapata moyo, akasema kioo ndicho kinachowachosha wateja.

"Mtu akijitazama nusu saa nzima, shemeji, lazima agundue jambo. Mara masikio, mara uzee. Geuza kiti kitazame barabara."

Redio alijua fika kwamba huo ni upuuzi, na angekuwa na sauti angeuthibitisha papo hapo. Kwa kuwa hakuwa nayo, akageuza kiti kimoja, upuuzi ujithibitishe wenyewe.

Haukujithibitisha. Watu wakaanza kukigombea kile kiti. Walitazama wapita njia, ndimi zikalegea, na Redio akasikia mengi. Akasikia kwamba mwalimu mstaafu, mteja wake wa tangu zamani, hakuwahi kuupenda mkato wa nywele aliokuwa akinyolewa. Alikosa tu pa kusemea. Hilo lilimchoma. Lakini lilimwasha pia: je, wengine nao walikuwa wamemeza nini? Akawa anawahi kufungua saluni kuliko kawaida.

Sauti iliporudi, wateja walijiandaa kwa lolote. Redio akasafisha koo.

"Mwalimu, wewe mwenyewe ungependa nikunyoeje?"

Mwalimu akababaika, akaomba apewe muda wa kufikiri.

Tangu hapo Redio ni maswali tu. Fundi bomba alipoponyokwa na kauli kwamba paka ana akili kuliko mbwa, hakuachiwa mpaka alipoeleza sababu zote. Wapo wanaonung'unika: zamani ulikuwa unasinzia zako kwa raha, siku hizi unanyolewa huku unafikiri.

"Jana kaniuliza naonaje," mkewe alimlalamikia kaka yake, "halafu akanyamaza, akasubiri jibu. Nikatafuta la kusema, sina."

Shemeji naye amepata wazo jingine, la kutoboa paa la saluni ili mwanga uingie kwa juu. Redio haliamini hata kidogo. Ameenda kuazima ngazi.