Nyumba Isiyo na Sindano

Wageni walishuka kwenye lori la pamba asubuhi, wakafika kwetu Mtendeni wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Walikuwa wawili: mama wa kijana aliyetaka kunioa, na shangazi wa kijana huyo, dada wa baba yake. Walitoka Igunga na walileta mchele na jogoo. Wakapokewa, wakala, wakajinyoosha mkekani. Jua lilipopinduka shangazi akakaa kitako, akasema kwa sauti ya mtu asiye na shughuli yoyote duniani, "Sisi watu wa mashamba. Binti atutembeze mjini tuone maduka. Na kwa joto hili, tupitie bwawani tuoge."

Mama yangu akajibu, "Hewala," akiwa anatazama sufuria.

Hakuna msichana wa Tabora asiyejua maana ya matembezi hayo. Zamani, vijijini, mchumba alivuliwa nguo mbele ya wanawake wa upande wa mume, akageuzwageuzwa wamwone kama ana kovu, donda au kilema. Mapadre walikemea jambo hilo kanisani mpaka tukaliacha. Yaani tuliliacha kwa namna yetu. Ukaguzi ukageuka matembezi: mnapita madukani, mnacheka, mnakula karanga, halafu mnakwenda kuoga pamoja, na huko majini wanakusugua mgongo huku macho yao yakifanya kazi iliyowaleta. Hakuna anayelitaja. Na msichana atakayesema leo hajisikii kuoga, huyo amekwisha kujibu.

Mimi nilikuwa na baka. Lilikuwa mgongoni, juu kidogo ya nyonga ya kushoto, ukubwa wa senti kumi, rangi ya chai iliyozidi maziwa. Kwa mtu mwingine lingekuwa baka tu. Lakini bibi yangu, mama yake mama, alifia katika kambi ya wagonjwa wa ukoma, hana vidole, na kwake pia ugonjwa ulianza na baka. Mama alikuwepo siku mganga wa zahanati alipompima bibi kwa sindano. Alinisimulia mara moja tu, nikiwa mkubwa: sindano iliingia mgongoni, na bibi akaendelea kuzungumza habari za kunde zake kama vile hakuna lililotokea. Hapo ndipo walipojua, maana baka la ukoma halisikii maumivu.

Tangu siku hiyo mama hakuweka sindano nyumbani. Kifungo kikikatika tulikwenda kwa fundi cherehani barazani, hata kifungo kimoja, na majirani walimsema kwamba ni mvivu. Baka langu alilijua tangu nikiwa mtoto wa kuogeshwa. Hakuwahi kulipima. Nami sikuwahi. Miiba ilikuwa tele kwenye kila ua wa Mtendeni, ningeweza kuvunja mmoja nikajichoma nikapata jibu langu, lakini niliona heri kukaa bila jibu kuliko kukaa na jibu lile.

Kabla hatujatoka mama aliniita ndani, akanifunga kanga upya ingawa ilikuwa imefungwa vizuri. Mikono yake ilikuwa baridi. "Wakikushika, tulia," alisema. "Wakikugeuza, geuka. Wakikufinya, usijikunje wala usipige kelele. Msichana anayepiga kelele majini atapiga kelele nyumbani kwa watu."

"Na wakiliona?"

"Tulia," akasema tena.

Niseme wazi kwamba nilimtaka yule kijana. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nilikuwa nimezungumza naye mara mbili, na mara zote mbili alinisikiliza mpaka mwisho. Wanaume wa namna hiyo hawakuwa wengi, na sidhani kama wameongezeka.

Basi nikawatembeza. Sijawahi kuwa mwenyeji mkarimu kama siku ile. Niliwaingiza kila duka lililokuwa na mlango. Kwa Mhindi wa kwanza tulishika vitambaa vyote, kaniki kwa kanga. Kwa wa pili tuligonga mabeseni ya bati tukasikiliza mlio. Nikawapeleka kwa Mwarabu mwenye tende, kisha kwa wauza asali, nikawaonjesha ya miombo iliyo nyeupe na ile nyeusi, nikawaeleza tofauti zake na nyingine nikazitunga. Mama wa kijana alikuwa mwanamke mnene, mpole, alifurahia kila kitu. Alisimama muda mrefu mbele ya picha ya malkia iliyotundikwa juu ya mizani, akauliza yule binti ana watoto wangapi. Mimi nilitazama jua. Kila duka lilikuwa kipande cha mchana nilichokiiba, na nilihesabu kwamba nikiiba vya kutosha giza litaingia na bwawani hatutakwenda.

Shangazi hakuwa mtu wa kuibiwa. Alikuwa mwembamba, mwenye macho madogo yasiyotulia, na alinunua vitu viwili tu: kipande cha sabuni, na sindano. Sindano ile aliichagua. Mwenye duka alimpa moja, akaijaribu kwa ncha ya kidole gumba, akairudisha, akataka nyembamba zaidi. Kisha akaichomeka kwenye pindo la kanga yake. Nilidhani ni ya kushonea.

"Bado kuna duka la viatu," nikasema tulipotoka. "Na kule nyuma ya stesheni..."

"Tumeona, mayu," akasema, akanishika mkono. Kwao msichana huitwa mayu, yaani mama, kwa heshima. "Twende majini."

Bwawa lilikuwa nje ya mji, na upande wa wanawake ulijificha nyuma ya matete. Wafuaji walikuwa wamekwisha kuondoka, mawe yao bado yana povu. Nilijua kuogelea, tulijifunza wenyewe pale tukiwa watoto, na kwa kuwa nilijua kuogelea nilipata hila yangu ya mwisho. Nilivua gauni upesi nikiwa nimewapa uso, nikajitosa na kanga yangu, nikaogelea mpaka pale maji yanapokuwa ya baridi na miguu haigusi chini.

Nikakaa huko. Mama wa kijana aliingia mpaka magotini, akajimwagia maji kwa kiganja, akacheka. Shangazi aliketi juu ya jiwe, sabuni mkononi na dodoki alilokuja nalo juu ya paja, akaningoja. Hakuniita. Nilizunguka, nikazamia, nikaibuka, nikalala chali nikatazama mbingu. Mikono ilianza kuchoka. Jua lile nililokuwa nalisukuma mchana kutwa sasa lilikataa kabisa kushuka.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," hatimaye akasema, bila kupaza sauti. "Njoo nikusugue mgongo."

Nikarudi. Ungefanya nini? Nilisimama mbele yake, maji yakinifika mapajani, nikateremsha kanga mpaka nyongani, nikampa mgongo wangu. Nilitazama matete. Dodoki lilianza mabegani, likashuka taratibu, mkono wa mtu aliyesugua watoto wengi. Likafika kiunoni. Likasimama.

Mama wa kijana, aliyekuwa anaimba kwa chini kando yetu, akanyamaza.

Kisha nikachomwa.

Kwanza nilifikiri ni ruba. Halafu nikachomwa mara ya pili, palepale, katikati ya baka, na nikakumbuka kanga yenye sindano kwenye pindo. Maumivu yalikuwa makali, yalipanda mpaka kwenye meno. Sijui niseme vipi furaha niliyoipata. Miaka yote ile, na jibu lilikuwa hili: panauma. Panauma kama mahali pengine popote. Machozi yalinitoka yakateremka, nikauma mdomo, na kwa kuwa nilifundishwa nitulie, nilitulia. Aliposukuma sindano mara ya tatu na kuiacha mle, nilisimama wima kama mlingoti wa bendera. Nilijua mama angejivunia.

Shangazi alichomoa sindano. Akanisuuza kwa maji mengi, haraka, kisha akasogea mbali, akanawa mikono yake kwa sabuni hadi viwikoni. Mimi bado nilikuwa natabasamu peke yangu mbele ya matete.

Nilielewa njiani. Wakati wa kwenda, karanga tulikula kutoka karatasi moja, vidole vikigongana. Sasa mama wa kijana alinimiminia zangu kiganjani, kutoka juu, karatasi isiniguse. Nikamtazama usoni. Alikuwa analia, mwanamke yule mpole, na aligeukia kando nisimwone. Shangazi alitembea mbele yetu. "Leo tutalala kwa ndugu zetu," alisema bila kugeuka. "Tusimchoshe mama yako."

Walinichoma kuona kama nitaruka, nami, kwa adabu yangu yote, nilisimama wima.

Ningesema pale pale. Lakini msichana hamwanzii mkwe maneno ya mwili wake barabarani, na hata kama ningevunja hilo, nani angeniamini? Kila mgonjwa husema anasikia. Bibi yangu mwenyewe alisema anasikia. Nikatembea na karanga zangu kiganjani, sikula hata moja, na hasira ikanipanda: kwao, kwa adabu, kwa mama, kwa mapadre waliotukataza kufanya jambo hadharani tukaishia kulifanya kwa siri.

Mama alikuwa mlangoni. Alitusoma nyuso zetu tangu mbali, na nilimwona akishika mwimo. Shangazi alianza kueleza habari za ndugu zao, kwamba ni vizuri kuwapitia, kwamba safari ni ndefu. Mama aliitikia kila neno, "Ndiyo, shangazi. Naelewa." Alielewa vibaya, maskini. Alikuwa anakubali kwamba nina ukoma.

"Shangazi," nikasema. "Naomba ile sindano."

Shangazi alinitazama kwa yale macho madogo, kwa mara ya kwanza yakiwa yametulia. Kisha akaichomoa kwenye pindo, akanipa. Nikaingia ndani, wakanifuata. Nikamwekea mama sindano kiganjani, nikageukia ukuta, nikateremsha kanga.

"Nichome."

"Mwanangu."

"Nichome, mama."

Hakunichoma. Nilimsikia anavyopumua. Niliusikia mkono wake ukikaribia na kurudi, ukikaribia na kurudi, hewa ikinigusa mgongo. Mama wa kijana alisema, "Basi, mwacheni," na shangazi akasema, "Ngoja." Nje mtu alikuwa anatwanga. Nilianza kufikiri kwamba hataweza, kwamba tutazeeka hivyo, mimi nimegeukia ukuta na yeye na sindano yake, na nilikuwa karibu kugeuka nimwambie aache, ilipoingia.

Nikapiga yowe. Sikulipima wala kulizuia. Lilikuwa yowe la mara nne, yale matatu ya bwawani yakiwa ndani yake, na mtwangaji wa nje akaacha kutwanga, na majirani wawili wakaja mbio na michi yao wakidhani ni nyoka.

Nilipogeuka mama alikuwa ameketi chini sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto, anacheka na kulia. "Anasikia," aliwaambia majirani, ambao hawakujua ni habari gani. "Mwanangu anasikia."

Shangazi akaniuliza, "Kule majini ulisikia?"

"Zote tatu."

"Mbona ulinyamaza?"

"Nilifundishwa."

Aliitikia kwa kichwa polepole. Nadhani yeye pia alifundishwa hivyo. Mama wa kijana akasogea kwenye mtungi. Alichukua kopo langu la maji, akachota, akanipa ninywe kwanza, kisha akapokea akamaliza yaliyobaki. Usiku ule walilala kwetu.

Asubuhi shangazi alinyoosha mkono kudai sindano yake, maana lori lilikuwa linangoja. Mama alimwambia hampi. Alikuwa ameketi kizingitini tangu alfajiri, gauni langu mapajani, anashona kifungo, vibaya sana, uzi ukimkwama kila mara.