Kabichi Kali ya Mama Zuhura

Kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, kitunguu saumu na pilipili nyekundu ina harufu ambayo ukiikuta mara moja haikutoki puani. Juzi jirani yangu alifungua ndoo yake ya achari upande wa pili wa ukuta, upepo ukaileta harufu hadi jikoni kwangu, nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Nilikuwa nimerudi Dodoma ya utoto wangu, kwenye banda la bati karibu na soko, mdogo wangu Yona amekaa ubavuni pangu akinusanusa hewa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mtu yeyote mwenye meza mbili na jiko la mkaa aliweza kuandika "hoteli" mlangoni, na mji uliozoea foleni za sukari ukaanza kuona vitu usivyovijua hata majina. Mama Zuhura, mwenyeji wa pale pale mjini, alikuwa amewapikia Wakorea kwenye kambi yao ya ujenzi wa barabara. Walipoondoka, alibaki na mapishi yao kichwani, akafungua mgahawa kwenye banda lile. Bei zake zilikuwa zile zile za wali maharage, lakini watu walipita kando wakisema anauza mboga zilizooza.

Baba alikuwa dereva wa serikali, mtu ambaye hata tambi hakuzitaka. Kwa hiyo aliposema Jumamosi moja kwamba tunakwenda kula chakula cha Wakorea, nilidhani anatania. Mama alikuwa akizipanga nguo za Yona kwenye sanduku la bati, akizitoa, akizipanga tena.

Niwaambie habari ya Yona. Alikuwa na miaka minane, na macho yake yalikuwa yamezimika taratibu baada ya kuugua. Mama alimpeleka hospitali kule Mvumi mara nyingi mpaka wauguzi wakamzoea, na mwisho akaambiwa kwa upole kwamba mtoto hataona tena. Tangu hapo akawa anamlisha kwa mkono wake. Alimega ugali wa uwele, akauchovya kwenye mlenda, akamtia mdomoni, na mlenda ulipovutika akaukata kwa kidole kabla haujamdondokea shatini. Mimi nilimwonea wivu, siwafichi. Sasa Baba alikuwa amempatia nafasi ya bweni kwenye shule ya watoto wasioona kule Buigiri, na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kwenda. Mama alikuwa na swali moja tu wiki nzima: "Huko nani atamlisha?"

Tukaenda. Mama Zuhura alimpa kila mtu bakuli lake la wali, kisha akaweka mezani visahani vinne: kabichi ile kali, figili, mchicha uliochanganywa na ufuta, na nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba. Akarudi jikoni. Nyumbani kwetu mboga ilikuja kwenye bakuli moja la wote. Tulipoona visahani vidogo namna ile, navyo ni vinne kama sisi, hatukuwa na shaka kwamba kila mtu amepewa chake. Baba akajivutia kilichokuwa karibu naye, kabichi. Mama akapata figili, mimi mchicha. Nyama ikamwangukia Yona.

Mama akanyoosha mkono kuchukua kijiko cha Yona. Baba akamwambia taratibu, "Mama Yona, leo mwache." Mama akaurudisha mkono mapajani.

Basi tukala. Baba alitafuna kabichi yake huku jasho likimtiririka mpaka kwenye kola, kwa kuwa aliona si adabu kubakiza chakula cha mwenyeji. Mimi nilitafuna mchicha mtupu nikimtazama Yona anavyofaidi. Mama Zuhura aliporudi na kuona kila mtu amekikumbatia kisahani chake, alicheka mpaka akashika kiuno. Akatueleza kwamba vyote ni vya wote, unaonja huku na kule, na kikiisha anaongeza.

Yona akaacha kutafuna. "Kumbe nyama ilikuwa ya wote? Mbona hamkuniambia?"

"Hatukujua, mwanangu," Baba akasema, akijifuta uso kwa leso. "Hapa wote tunapapasa."

Yona akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu augue. Mama Zuhura akavijaza visahani, akamshika mkono na kumgusisha ukingo wa kila kimoja, akimtajia kilichomo. Haukupita muda Yona akawa anachota bila kukosea, na mimi niliposita akaniambia nyama iko kulia kwangu, niache aibu. Wali ulimwagika kidogo mezani, hakuna aliyejali.

Kisha akatulia, akainamisha kichwa upande. "Mama, mbona sikusikii ukila?"

Mama hakuwa amegusa kitu. Akajibu kwamba ameshiba. Yona akapapasa, akaupata ukingo wa kisahani cha kabichi, akachota, akanyoosha kijiko kuelekea kwenye sauti ya Mama. Kilikwenda kombo kidogo. Mama akainama akakifuata kwa mdomo. Akatafuna, machozi yakamshuka, na Mama Zuhura akasema pilipili ile huwaliza hata wanaume. Tukacheka sote, isipokuwa Baba.

Jumatatu Yona aliondoka na Baba. Mama aliwaaga mlangoni, akarudi jikoni akasonga ugali wa watu wanne.

Likizo ya kwanza alirudi amerefuka, ana haraka ya kusimulia. Mama alikaa karibu naye mkekani, mkono ameshaunawa. Yona akamega mwenyewe, akachovya, akaukata mlenda kwa kidole, huku akiendelea na hadithi zake za bwenini. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza kula.

Mama alifariki Yona akiwa bado shuleni. Kwa miaka mingi niliwasimulia watu siku ile kama kichekesho cha Baba na kabichi, mpaka nilipompeleka binti yangu bwenini, akashuka na begi lake na kwenda zake bila kugeuka nyuma. Nilirudi nyumbani nikalia. Nilikuwa nimedhani kwamba Mama alilia pale mezani kwa kuogopa mwanawe atakaa na njaa. Alikuwa ameona kwamba hatakaa na njaa, hata bila mkono wake. Baba ndiye aliyempeleka Mama akaone, na ndiyo maana yeye hakucheka.