Zamu Moja ya Mrubuni

Harufu ya kahawa inayokauka juani bado huniondoa kitini. Likizo moja ya utotoni binamu yangu Koku alikaa kwetu Kamachumu, na kando ya mkeka wa kahawa tukapiganisha askari wa udongo tuliowafinyanga wenyewe, warefu kama kidole gumba. Koku alinizidi miaka mitatu, na sheria zote zilitoka kichwani mwake. Niliyoipenda ni ya Mrubuni, mwanamke asiye na silaha. Akimkaribia askari wa adui kwa shubiri moja, unarusha punje mbili zilizotoka kwenye tunda moja la kahawa. Zote zikilala ubapa juu, askari yule anakutumikia kwa zamu moja. Huruhusiwi kumuua wala kumtupa nje ya uwanja, na zamu ikiisha unamrudisha kwa mwenyewe. Punje zikikataa, Mrubuni analala na wewe unakosa zamu.

Sikutulia siku zile. Shangazi angekuja wakati wowote kumpeleka Koku shule ya bweni Bukoba, na kila gari lililopanda mlima lilinisimamisha. Mama alinikemea kwa kukanyaga kahawa yake. Nilikuwa naogopa kubaki peke yangu, basi.

Asubuhi moja punje zilinikubali, nikamchukua nahodha wa Koku, mwenye kovu alilomchora kwa mwiba. Kabla sijamtumia, gari likasimama uani.

"Nirudishie nahodha wangu," Koku akasema.

"Zamu yangu haijaisha." Nikamficha ndani ya gauni. Niliamini kabisa kwamba bila nahodha hawezi kuondoka. Shangazi akaita mara mbili. Koku akapanda gari bila kuniaga.

Sasa sote tuko Bukoba mjini, mimi Bakoba, yeye Kagondo, na tunaonana misibani tu. Juzi binti yangu alikuwa akicheza vita vya sanamu za plastiki na mwenzake, kitabu cha sheria za mchezo mezani. Nikamsikia akisema, "Ulimvuta kwa zamu moja tu. Mrudishe." Sikuweza kukaa. Nikamtoa nahodha kabatini, mguu umeshakatika, nikaenda Kagondo kwa miguu.

Koku alimgeuzageuza kiganjani, akaligusa lile kovu.

"Zamu yako imeisha?"

"Imeisha, dada. Nisamehe."

Akainuka. Akaniletea kisahani cha matunda makavu ya kahawa ya kutafuna, kama anavyoletewa mgeni yeyote. Nikachukua tunda moja, lakini sikulitafuna. Nililipasua, nikampa zile punje mbili. Koku akamsimamisha nahodha mezani, akazirusha.