Karatasi ya Bibi Ilitoka Nyeupe

Soko la pamba lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi waliijaza Bariadi mashine za kuchambulia, na manyoya ya pamba yakawa yanaelea hadi ndani ya sufuria. Mhadhiri wetu alitupeleka huko, wanafunzi wa shahada ya kwanza, tupime hewa pamoja na wenyeji. Tungening'iniza karatasi nyeupe ya kuchujia katika kila jiko, moshi na vumbi viitie weusi, kisha zote zibandikwe nje ya ofisi ya mtaa, watu wajionee. Nyumba wangechagua wenyeji wenyewe.

Nilimuuliza mhadhiri kwa nini tuamini kwamba watachagua kwa sababu zilezile zetu. Akasema ubishi wangu utanichelewesha kuhitimu.

Mkutanoni walibishania kila nyumba isipokuwa moja. Ya bibi mmoja mjane, nyuma ya kiwanda, ilipita bila neno. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi wanaopikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Lakini yeye alikuwa mzee, anaishi peke yake, na ndama wa jirani walikuwa wanakufa. Usukumani kuna vikongwe waliokatwa mapanga kwa macho hayo tu, wakiitwa wachawi.

Nilipokwenda kuitundika karatasi nilimwamkia, "Mwangaluka, mayu." Aliitikia akiitazama karatasi, si mimi. Aliuliza ikitoka nyeusi maana yake nini. Nikamwambia hewa ya humu ni mbaya. Na ikitoka nyeupe? Nikasema ni nzuri.

Siku ya kubandika, karatasi za wengine zilikuwa za kahawia, nyingine nyeusi tii. Yake ilikuwa kama nilivyoiacha. Nilishuku aliitoa akaificha. Nikamsogelea, nikamuuliza.

"Sikuwasha moto, mjukuu wangu," alisema, wala hakushusha sauti. "Nimekula matobolwa na maziwa ya mgando. Nilitaka waone nyumba yangu haina kitu."

Matobolwa ni viazi vilivyochemshwa vikakaushwa. Mtu anaweza kuishi navyo. Nililielewa kosa lake kabla hajamaliza kusema, na jirani mwenye ndama alikuwa amekwisha simama.

"Wanafunzi, mlitwambia moshi ndio unatia macho wekundu. Kwa huyu moshi hakuna. Haya, macho yake yametiwa na nini?"

Lilikuwa swali zuri. Ningekuwa upande wao ningeliuliza mimi. Nilieleza kwamba bibi aliacha kupika makusudi siku hizo.

"Mtu anakaa bila moto," alisema taratibu, "anakula nini?"

Mmoja alicheka nyuma, akajiziba mdomo. Niliyataja matobolwa, nikasikia jinsi yalivyokuwa jibu dogo. Mhadhiri alitangaza kuwa kipimo kile hakifai, akaibandua karatasi. Watu walikuwa wameshaiona.

Asubuhi mlango wa bibi ulikuwa umefungwa kwa kamba kwa nje. Majirani walisema mkwewe amempeleka Lingeka, kule Meatu, kwa baiskeli. Kila niliyemuuliza alikuwa ameambiwa na mwingine. Hakuna aliyeiona baiskeli. Ua ulikuwa umefagiwa vizuri, hauna alama ya tairi wala ya mguu. Niliuliza nani amefagia. Wakanitazama kama mtu asiye na adabu.

Miaka michache baadaye kazi ilinipeleka Meatu. Lingeka gari lilisimama, wenzangu wakashuka kununua maji. Nilibaki kwenye kiti, nimepandisha kioo, nikiwatazama vikongwe wanaopita, bila kumuulizia bibi kwa yeyote, hadi dereva alipowasha gari.