Dereva asiyeruhusiwa kunyamaza

Saa moja na nusu asubuhi, Bi Taratibu anafunga mlango wa nyuma wa gari lililosheheni mashuka yaliyopigwa pasi. Anapanda, anafunga mkanda, anarekebisha kioo cha pembeni. Gari linapoanza kutoka kwenye kiwanda cha kufulia nguo, naye anaanza kusema.

"Geti liko wazi. Baiskeli kulia. Yule mama anataka kuvuka, namsubiri."

Kando yake amekaa mumewe, fundi cherehani mstaafu mwenye miaka 66, ambaye wote humwita Fundi. Kazi yake ni kusikiliza. Mkewe akinyamaza kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, Fundi anamwambia, "Sema." Akinyamaza tena, gari linaegeshwa.

"Miaka thelathini na minane ya ndoa nilikuwa namwomba anyamaze," anasema Fundi. "Sasa namwomba aongee. Mungu ana utani."

Bi Taratibu, jina alilopewa na madereva wenzake kwa sababu zinazoeleweka, ana miaka 61. Kwa miaka 27 amesambaza mashuka na taulo kwenye nyumba za wageni na zahanati. Mwaka juzi daktari alimwambia ana ugonjwa wa kusahau, ulio katika hatua za mwanzo. Alilia siku mbili. Siku ya tatu alirudi kwa daktari kuuliza kama anaweza kuendelea kuendesha.

Aliruhusiwa, ila kwa masharti: mchana tu, njia anazozijua, redio izimwe, mtu mzima awe kando yake, na kila baada ya miezi sita apimwe upya barabarani. Tajiri wake alimwachia njia tatu kati ya saba, na mshahara ukapungua karibu nusu. Wazo la kusema kila anachokiona ni lake mwenyewe. Anasema akili yake ina tabia ya kutoroka kimyakimya, kwa hiyo ameamua kuipigisha kelele.

Kipimo cha tatu kilikuwa wiki iliyopita, nacho kilimkosesha Fundi raha. Fomu ya mtahini ina sehemu ya kujazwa na msindikizaji: je, ameona tatizo lolote? Na tatizo lilikuwapo.

Siku kumi kabla, wakielekea zahanati, walianza kubishana kuhusu mkwe wao, ambaye Fundi anamwona mvivu na mkewe anamtetea. Bi Taratibu akanuna. Fundi naye akanuna, akasahau kuwa kimya cha mkewe ndicho alichowekwa pale kukizuia. Walipofika njia panda, mke hakujua ashike upande gani, kwenye njia aliyoipita maelfu ya mara.

Akawasha taa za dharura, akasogea pembeni, akavuta breki ya mkono, akampa mumewe ufunguo. "Sijui tuko wapi," akamwambia. Dereva mwingine wa kiwanda alikuja kuwachukua, na mashuka yakachelewa saa mbili.

Fundi alitaka kuiacha sehemu ile ya fomu wazi. Anakiri aliogopa kumwona mkewe amekaa nyumbani akiutazama ukuta. Alijiambia kosa ni la kununiana, si la ugonjwa.

Mkewe alimsukumia kalamu.

"Mficha maradhi kilio humfichua," alimwambia. "Nikimgonga mtoto wa watu, utaenda kumwonyesha mama yake hiyo fomu? Andika, mume wangu. Yote."

Akaandika. Mtahini alisoma, akazunguka nao mjini saa nzima, kisha akatoa uamuzi. Njia ya zahanati imeondolewa. Zilizobaki mbili amepewa kwa miezi sita mingine, pamoja na sharti jipya ambalo pale kiwandani hawachoki kulicheka: wanandoa hawa ni marufuku kugombana garini.

"Tunangoja tufike nyumbani," anasema Bi Taratibu. "Tukifika, mimi nimeshasahau. Anabaki na hasira zake peke yake."

Hajidanganyi kuhusu siku ambayo jibu litakuwa hapana. Anasema itamuuma, na hataki kufarijiwa mapema. Ndiyo maana amemwandikisha Fundi, ambaye hajawahi kushika usukani, katika shule ya udereva. Mpaka sasa amefeli mara mbili kuegesha kinyumenyume.

Mkewe anamhimiza aongeze bidii, na sababu anaitaja bila kupepesa macho.

"Nataka aniendeshe," anasema, "wakati bado ninamjua ni nani."